Ng'ombe wa Mfanya Mazingaombwe

Kaka yangu Mseti kazi yake ni kupoteza mayai, na asikudanganye mtu kwamba hiyo si kazi. Siku za mnada utamkuta Nyamwaga, Sirari au kule Mugumu, amevaa koti jeusi kwenye jua kali, amezungukwa na watu walioacha mbuzi wao bila mwangalizi. Anaazima yai kwa mama muuza mayai, analiweka kiganjani, analifunika kwa kitambaa. Anakaribisha mtu au wawili walipapase kwa juu ili wahakikishe lipo. Kisha anakikung'uta kitambaa hewani, na yai halipo. Baadaye kidogo linatokea kwenye kapu la nyanya la mtu ambaye wala hakuwa anatazama.

Mimi ni Boke, dada yake, niliyemtangulia kuzaliwa. Nimeolewa hapa hapa Susuni, na Mseti anakula kwangu mara nyingi kuliko kwake. Kwa hiyo ninaposema hana jini wala hirizi, nisikilizwe.

Lakini watu hawataki kuambiwa. Wanataka kugundua wenyewe. Kuna waliogundua kwamba ndani ya koti anafuga kenge mdogo anayemeza mayai. Mzee mmoja wa Busawe aliapa kwamba Mseti ni pacha, na kwamba pacha mwenzake amefukiwa chini ya uwanja, amenyoosha mkono, anapokea. Dereva mmoja wa Sirari, mtu wa upande wa Kenya, aliwacheka wote. "Huyu jamaa ako na sumaku," alisema. "Hizo kuku amezilisha misumari." Tena kuna vijana walioeleza kwa utulivu kabisa kwamba yai linatumwa kwa simu kama hela, na wakala fulani mahali fulani analitoa.

Mseti alikuwa akinisimulia haya tukila ugali, machozi ya kicheko yakimtoka. Nikamuuliza kwa nini hakanushi.

"Nikikataa watarudi kwenye mbuzi wao," akasema. "Dada, mimi nina mkono mwepesi tu. Wanaofanya mazingaombwe ni wao."

Basi akiulizwa, alitabasamu na kunyamaza. Mimi lile tabasamu sikulipenda tangu mwanzo, nikamwambia lisemwalo lipo, kama halipo laja. Akaniambia nimwongezee mchuzi.

Mtu pekee ambaye hakubahatisha lolote alikuwa Sarah, fundi cherehani wa Machochwe. Alimtazama Mseti mnadani Mugumu mpaka mwisho, akasogea, akashika kile kitambaa. "Hili pindo umeshona mwenyewe?" akauliza. "Baya." Akaondoka nacho, akakileta mnada uliofuata kimeshonwa upya, na tangu hapo kaka yangu hakulala vizuri. Alipokuja kuniambia anataka kuoa, nilikuwa nimeshajua.

Sasa hapa lazima nieleze jambo, maana ndipo hasira yangu ilipo. Kwetu Wakurya, msichana akiolewa, ng'ombe wa mahari yake humwolea kaka yake mke. Nilipoolewa mimi, ng'ombe waliingia zizini kwa baba, na tangu siku ile wakaitwa ng'ombe wa Mseti. Mke atakayekuja ataniheshimu maisha yake yote, kwa sababu anajua ameolewa kwa ng'ombe za nani. Ng'ombe wale si mali tu. Ni mimi niliyeondoka kwetu nikilia, wakaingia wao.

Tukawaswaga mpaka Machochwe, kwa mzee Tomaso, baba yake Sarah. Wazee wa pale wakawazunguka, wakawashika nundu, wakawafungua midomo kuangalia meno. Hawakupata kasoro. Lakini mzee Tomaso hakufungua zizi.

"Ng'ombe ni wazuri," akasema. "Shida si ng'ombe. Shida ni mwenye ng'ombe."

Jirani yake mmoja aitwaye Ryoba, mtu asiyeweza kukaa na neno mdomoni, akamalizia. "Tunamwona mnadani kila mara, anapoteza kitu mchana kweupe watu wakiwa wamekishika. Leo anatuletea ng'ombe. Msichana akishavuka kwenda Susuni, hawa si watageuka majani ya mgomba?"

Nilidhani anatania. Nikatazama nyuso za wengine, hakuna aliyecheka. Wakaleta maji, ng'ombe wakanywa, Ryoba akasema hata majini yanakunywa. Wakaleta chumvi, ng'ombe wakailamba mpaka wakalamba na sahani. Fahali wetu mkubwa, aliyezaliwa na wale ng'ombe wangu, asiye na adabu, akaamua kunya pale pale mbele ya wakwe.

"Mavi tumeyaona," akasema Ryoba. "Tusubiri kama yatabaki."

Mwanamke hana neno kwenye kikao cha mahari. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na wanawake, na nilivumilia mpaka hapo. Nikasimama. "Ng'ombe hizo ndizo zilizotolewa kwa ajili yangu mimi! Kama ni majani, basi mimi niliolewa kwa majani, na watoto wangu ni wa majani. Njooni Susuni muwapulize muone kama watapeperuka!"

"Kaa chini, mama," mzee Tomaso akaniambia, na hakusema kwa ukali. "Sikutukani. Nina kijana wangu pale, amemaliza kujenga. Ng'ombe hizi ndizo atakazoolea. Zikipotea, sijapoteza msichana peke yake."

Nikakaa, maana alisema kweli. Alikuwa akimwogopea mwanawe kama mimi nilivyomwogopea kaka yangu. Sarah alikuwa amesimama mlangoni, amekunja kanga mkononi. Yeye angeweza kuwaeleza siri ya kitambaa kuliko mtu yeyote, lakini nani angemsikiliza? Wangesema ameshalishwa dawa.

Mseti hakutabasamu siku ile. Yule aliyemfundisha kazi, mtu wa maonyesho wa Musoma, alimwapisha asiwahi kuonyesha mtu. Tena Mseti hana shamba la maana, kitambaa kile ndicho shamba lake. Bibi Robi, mama mzazi wa mzee Tomaso, akamtazama alivyokuwa anahangaika, akamwita.

"Mficha uchi hazai, mura, kijana wangu. Onyesha."

Mseti akaomba yai. Akaeleza polepole, kama anayefundisha watoto kuhesabu. Ndani ya kitambaa, katikati, pameshonewa kiwaya chembamba kilichokunjwa kwa umbo la yai. Ukilifunika yai, unaliteremsha kwa siri mfukoni, na kinachobaki kimetuna ni kiwaya. Watu wakipapasa, wanapapasa kiwaya. Ukikung'uta, kinalala bapa, na kitambaa kinaonekana kitupu. Basi. Akafanya, akarudia, akawapitishia kitambaa wakishike kila mmoja.

Wakashika. Wakatazamana.

"Hapana," akasema Ryoba. "Mwenye siri ya kweli atakuonyesha ya uongo."

Nilitamani kulia. Miaka yote wamekisia, na ukweli ulipotolewa bure, wakauona mdogo mno. Mtu aliyeamini kenge kwenye koti hawezi kukubali kwamba alishindwa na kipande cha waya.

"Niletee mimi," akasema Bibi Robi.

Mseti akapiga magoti mbele yake, akampa yai na kitambaa, akamwelekeza vidole. Mikono ya bibi ni ya kukamua ng'ombe tangu utoto, na vidole vyake vinajua kukaza na kuachia. Akafunika. Akamwita jirani apapase, jirani akasema lipo. Akakung'uta kitambaa. Hapakuwa na yai. Bibi akacheka kama msichana, yai likiwa limelala salama kwenye mkunjo wa kitenge chake mapajani. Akatutazama wote akisubiri tucheke naye.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu naye akamvuta mtoto wake.

"Bibi naye anayo," Ryoba akasema, kwa sauti ya chini. Mwingine akakumbuka mwaka ule mahindi ya watu wote yalipokauka, ya bibi yakabaki. Mwingine akasema macho yake, hebu angalieni macho yake. Macho ya bibi ni mekundu kwa moshi wa jikoni kama ya bibi yeyote, na huku kwetu tunajua wote maneno kama hayo huishia wapi. Nikamwona kicheko kinamtoka usoni, akashusha kitambaa.

Mzee Tomaso akainuka.

"Huyo ni mama yangu!" akasema. "Mkono umeteleza, yai limeangukia kwenye kitenge. Nimeona kwa macho yangu. Na nyie mmeona. Semeni mmeona!"

Watu wakageukia kutazama ng'ombe.

Akachukua kitambaa na yai kutoka kwa mama yake. Mzee mzima, mzee wa kanisa, akalifunika yai mbele ya wakwe zake, akajaribu kuliteremsha mfukoni. Yai likamponyoka, likapasukia suruali mpya aliyoivaa kwa ajili ya kikao, likashuka mpaka kwenye kiatu.

Hapo ndipo watu walipocheka, Ryoba akiwa wa kwanza. Mzee Tomaso akasubiri wamalize, ute wa yai ukimdondoka.

"Mmeona?" akasema. "Ni mkono tu. Mama ana mkono, mimi sina. Hakuna kingine."

Alipomaliza kusema hivyo, akageuka akamtazama Mseti, akawatazama ng'ombe wetu. Aliyoyasema yalikuwa yameshatoka, na hayakuwa yanamhusu mama yake peke yake. Akaenda mwenyewe kwenye zizi, akatoa magogo ya mlangoni, ng'ombe wangu wakaingia.

Ningependa kuishia hapo, kwenye arusi. Lakini Sarah alipokuwa ameshazoea nyumba ya Susuni, alipata habari za kwao. Maziwa ya Bibi Robi hayanunuliwi tena. Kila asubuhi anakaa barabarani na ndoo yake, watu wanampita na kwenda kununua mbali. Hakuna aliyemgusa wala kumtukana. Wanampita tu.

Mseti aliposikia hayo aliacha chakula. Siku ya gulio la Machochwe akavaa koti lake, na mimi nikaenda naye kwa sababu nilihisi anakwenda kufanya ujinga. Akawakusanya watu kama kawaida, akapoteza yai. Kisha akakigeuza kitambaa, akawaonyesha waya. Sarah alikuwa ameshona vitambaa vingine, akaanza kuvigawa, na Mseti akapita kwa mtu mmoja mmoja akimshika vidole, wanawake, wachungaji wa ng'ombe, wazee.

Nikamvuta pembeni. "Umerogwa? Utakula nini wewe?"

"Mimi wakinisema, naondoka kwenda mnada mwingine," akasema. "Bibi ataondoka kwenda wapi?"

Nikachukua kitambaa kimoja nikaenda kumfundisha mwanamke wa karibu, ingawa mimi mwenyewe naangusha. Mayai mengi yalipasuka siku ile, na mama muuza mayai alifurahi kuliko mtu yeyote. Hadi jua lilipoanza kushuka, kulikuwa na watu Machochwe nzima wanaoweza kupoteza yai, na wengine waliokuwa wanawazomea wanaoshindwa.

Ryoba alijifunza haraka kuliko wote. Akaenda na yai lake mpaka kwa Bibi Robi aliyekuwa amekaa na ndoo barabarani, akalipoteza mbele yake, akalitoa tena, akasimama akiwa hajui aseme nini. Basi Ryoba akachukua kikombe, akaomba maziwa, akayanywa yote pale pale, watu wakimtazama.