Mionzi Kidogo

Niliondoka Ilomba, Mbeya, Alhamisi alfajiri, kwenda kulifuta neno moja nililolisema mwenyewe. Mdogo wangu Vero, aliyekuwa nyumbani kwetu karibu na Tosamaganga, alikuwa na moyo unaotoka mbio ghafla mpaka anazimia. Hospitali ya Dar ilimpangia Jumatatu: waya mwembamba upitishwe kwenye mshipa wa pajani mpaka moyoni, na pale panapovuruga mapigo pachomwe. Mimi, muuguzi, kwa kujifanya mtaalamu, nikamwambia kwenye simu, "Usiogope, siku hizi mionzi ni kidogo."

Mama akamnyang'anya simu. "Mionzi? Kumbe ni kansa, mnanificha!" Mama mkubwa alipigwa mionzi ya kansa, na mwaka uleule tulimzika. Tangu hapo, wiki mbili nzima, simu yangu haikupokelewa.

Makambako tulipita kwenye ukungu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nayavuruga, napanga tena. Nyololo basi liliposimama nikanunua viazi vya kuchemsha, maana Vero anavipenda.

Saa tisa mchana nikafika. Mama alikuwa anapukuchua mahindi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Umekuja kumchukua ukamchome?"

Nikakaa chini, nikawaeleza wote wawili. Hakuna kansa. Daktari huhitaji kuona waya ulipofika. Zamani mashine ya picha iliwaka muda mrefu. Sasa kompyuta inachora ramani ya moyo, wanaifuata hiyo, na mashine wanaiwasha kidogo tu.

Vero akaniangalia. "Dada, ni picha kama ile ya kifua niliyopigwa hapo Tosamaganga?"

"Ileile."

"Sasa si ungesema picha!"

Mama akaziba mdomo kwa kanga, akacheka kwa aibu, kisha akalia. Vero alikula viazi vyote, akapanga nguo zake kwenye begi. Tulikubaliana kuondoka kesho yake.

Ijumaa asubuhi alitoka kuaga jirani. Hakumaliza kuvuka uwanja. Nilimkuta chini, nikamkandamiza kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Jamani, nilimkandamiza! Mama alisimama kando na begi mkononi. Vero hakuamka. Katika wiki mbili zile tulizonuniana angekuwa ameshafika Dar, akisubiri karibu na madaktari.

Jumamosi tukazika. Mama hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jumatatu nilirudi. Basi lilikuwa limesimama Nyololo, akina mama wakiinua mabeseni ya viazi madirishani, simu ikaita. Alikuwa muuguzi wa Dar.

"Dada, mgonjwa wetu mbona hajafika? Kama anaogopa, mwambie mionzi ni kidogo tu."

Nikamwambia, "Mwenzangu, mgonjwa mwingine usimwambie mionzi. Mwambie picha."

"Sawa dada. Na huyu wetu, yuko wapi?"

"Huyu tumeshamzika."