Matundu ya Bibi Kwenye Ukuta wa Besimenti

Kisu kikipita kwenye bodi la povu hutoa mlio unaokwaruza meno. Ni bodi jepesi lakini gumu, la rangi ya waridi, ndugu yake lile jeupe linalofungwa kuzunguka televisheni mpya. Ukilikata, huacha chembechembe zinazonata kwenye nywele, kwenye soksi, na hata kwenye mkate wa asubuhi. Wenzangu wakiusikia mlio ule huziba masikio. Mimi hutabasamu, maana hapo hapo namwona Bibi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katika besimenti yetu ya Mount Dennis, huku ughaibuni kwenye theluji, khanga juu ya koti la baridi, akimsimamia mwanawe kazi.

Ngoja nianze vizuri. Nyumba yetu ilikuwa ndogo na kongwe: juu vyumba viwili, na chini ya ardhi besimenti ya kuta za zege tupu, tulikohifadhi baiskeli, mchele na masanduku ambayo hakuna aliyekumbuka yana nini. Baridi ya kule chini haikuwa na adabu. Ilipanda miguuni hata ukivaa soksi mbili. Kisha Babu akafariki kule Njombe, na Baba akamleta mama yake aje akae nasi. Chumba cha kumpa hakikuwapo ila kule chini. Tiketi yake ilikuwa ya kwenda na kurudi, na alitutangazia mapema, akiwa bado hajavua viatu, kwamba atatutazama kwanza. Akiona hapamfai, theluji ikiyeyuka anarudi kwake.

Nilikuwa na miaka tisa na nilitaka abaki kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani. Kwetu tulikuwa watu wa zamu: Mama wodini, Baba ofisini kwenye kompyuta, mimi na televisheni. Bibi alipokuja, nikitoka shule nilikuta mtu. Alinisuka, akanipikia makande, akaniita mke mwenza. Nikimjibu kwa Kiingereza alisema, "Redio yako imehama stesheni," kisha ananyamaza mpaka niseme upya. Hiki Kiswahili mnachokisoma hapa ni mali yake.

Basi ikawa lazima besimenti ipate joto. Baba yangu ni mtu mwema, lakini mikono yake ilizoea kibodi. Kila aliposhika nyundo, Mama alileta plasta kabla hajaombwa. Kwa hiyo akamwita Baba Furaha, Mkenya tuliyesali naye, ambaye riziki yake ilikuwa kukarabati nyumba za watu. Baba Furaha kwanza alibandika kipande cha nailoni ukutani, akakiacha siku kadhaa aone kama zege linatoa unyevu. Ukuta ukawa mkavu. Jumamosi akaja na gari limejaa mabodi.

Akatufundisha. Mabodi yanabandikwa kwa gundi juu ya zege, yabanane sawasawa. Kila kiungo kinazibwa kwa utepe, kila pengo linajazwa povu la kopo, kisha juu yake inapigwa jipsamu.

"Hewa ya joto isifike kwa zege," alisema. "Ikifika huko inageuka maji. Sisi tunafunga kila mahali, hata sisimizi akose njia."

Bibi akauliza kutoka kwenye ndoo yake, "Na matundu ya hewa yatakaa wapi?"

Aliyekulia nyumbani anaelewa swali hilo. Kule kwetu juu ya dirisha huwa kuna safu ya matundu, na hata Njombe, ambako asubuhi unapuliza vidole, matundu hayaguswi. Baba Furaha akacheka kwa heshima. "Shosho, hapa hatuachi matundu. Nje ni barafu."

"Zibeni tu," Bibi akasema. "Mimi nitalala ngazini."

Akachukua blanketi lake, akaenda kulitandika kwenye ngazi kweli. Moyo wangu ukaingia baridi. Baba Furaha akamvuta Baba pembeni, akamwonyesha kwamba nyuma ya bodi kuna zege, na nyuma ya zege kuna udongo. "Hayo matundu yatatoa hewa wapi, boss? Kwa udongo?"

Baba aliitikia kila neno. Halafu akachukua rula na penseli, akachora safu ya vidirisha vidogo juu ya mahali pa kitanda, akavikata kimoja kimoja. Jipsamu ilipowekwa, akaikata nayo palepale. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya kwa mikono yake, na haikuwa na faida yoyote. Mama alichungulia kutoka juu ya ngazi, akatikisa kichwa, akarudi kugeuza chapati. Baba Furaha akasema, "Haya, mimi sijaona." Mimi nikaona kumbe mtu mzima mwenye ndevu anaweza kumwogopa mama yake kama mimi nilivyomwogopa wangu, na nikafarijika kidogo.

Bibi akasimama juu ya ndoo, akapitisha kiganja mbele ya kila tundu, akaridhika. Siku ile ile akahamia chini.

Januari ikaja na ile baridi inayogandisha kope. Matundu yakaanza kulia. Maji yalichuruzika ukutani na kuacha michirizi, na asubuhi ndani ya vidirisha vile mlikuwa na barafu nyeupe kama sukari. Bibi akaanza kukohoa. Kila akikohoa nilihesabu kuwa ni hatua moja kuelekea uwanja wa ndege. Siku moja nikatoka shule nikamkuta amefungua begi juu ya kitanda, anakunja vitenge. Nililia kwa lugha zote mbili, wala hakunikosoa.

Baba alipofika akaliona begi. Akatoka, akarudi na kidude cheupe kinachopiga kelele chumba kikiingiwa na hewa ya sumu itokayo kwenye moto, ile isiyo na harufu. Juu tulikuwa nacho kimoja, lakini hiki alikifunga karibu na mto wa Bibi, usawa wa mkono wake, akamwambia akijaribu mwenyewe. Bibi akabonyeza. Kikapiga yowe, nikaziba masikio. Akabonyeza tena, na tena, uso wake mzito kama wa mtu anayesikiliza habari ya mbali. Baadaye Baba akabadilisha mlango, akaweka wenye vipande vya mbao vilivyoachana ili hewa ya juu ishuke. Mwisho akampa masalio ya mabodi na kisu.

"Mama, ziba wewe mwenyewe. Kama moyo haujakubali, acha."

Bibi akachukua kisu, akachonga vizibo, akavishindilia kwa kiganja, Baba akimfuata nyuma na kopo la povu. Ukuta ukakauka na kikohozi kikaondoka. Begi likarudi chini ya kitanda, na theluji ilipoyeyuka hakuna aliyelitaja. Bibi alikaa nasi mpaka nilipomaliza sekondari, na alifariki kwa amani katika chumba kile kile, kwenye joto.

Mwaka huu nimepata nyumba yangu North York, nayo ina besimenti ya zege. Baba alikuja kunisaidia kukata mabodi. Nikamtania, kama ilivyo desturi ya nyumba yetu, nikamwuliza ataniachia matundu mangapi. Akaweka kisu chini. Akaniambia kwamba kule Njombe, yeye akiwa mdogo, jioni moja ya baridi kali Bibi aliingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate joto, akaziba matundu kwa magunia, akaenda kupika. Baba alizinduka alipotolewa nje. Mdogo wake wa kike, Atu, hakuzinduka.

Sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo. Nikakumbuka mkono wa Bibi ukibonyeza kile kidude, nikakaa sakafuni nikalia kidogo. Halafu nikamwuliza Baba kama siku ile, alipokuwa akichora kwa rula, alijua kwamba maji yatakuja.

"Nilijua," akasema. "Maji yanafutika."

Miaka yote nimekisimulia kisa hiki kwa kumcheka Baba. Bado nitakisimulia, na bado nitacheka, ila nikifika kwenye matundu nitapunguza sauti.