Nyaya za Kwenda kwa Mama

Bi Mwanaidi alifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na minne, kwanza Mazingara kwao, kisha Korogwe, na katika miaka hiyo yote hakuna mzazi aliyemkuta amejifunga kanga iliyochakaa. Mumewe, Mzee Mhina, alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Alipofariki, waombolezaji walijaa uwanja hadi barabarani, na mjane wake akakaa eda yake yote bila mtu kupata la kumsema. Aliachiwa nyumba ya matofali ya kuchoma katika kijiji kilicho kando ya mashamba ya mkonge, upande wa kwenda Hale. Juu ya shamba lake la mahindi zilipita nyaya kubwa za umeme, nguzo moja ya chuma ikifuata nyingine hadi zinapopotea machoni. Aliachiwa pia mabinti wawili, Rukaya na Hafsa, na jina zuri. Hilo jina alilitunza kuliko nyumba.

Rukaya ndiye aliyeanza kuugua. Alirudishwa na mumewe akiwa na mtoto mkononi, akiwa ameacha kulala na kuoga. Alifagia uwanja mchana kutwa, akimaliza anaanza upya, huku akijibizana na mtu asiyeonekana. Mama yake alifunga geti. Mwezi wa nne wa hali ile, alfajiri moja, alikodi gari kutoka mbali, ili asimtumie dereva wa hapo kijijini, akampeleka binti yake mlimani Lutindi, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Majirani walipouliza, alisema Rukaya amepata kazi Hale, kwenye mitambo ya umeme. Walimpongeza, naye akapokea pongezi.

Jioni ya siku hiyo Shamimu, mtoto wa Rukaya, alisimama katikati ya sebule akiuliza mama yuko wapi. Alikuwa na miaka minne.

"Amekwenda kazini," alisema bibi yake.

"Kazi gani?"

Bi Mwanaidi alitazama huku na huku, akaona taa. "Anawasha umeme. Hii taa unadhani inawashwa na nani? Ni mama yako, yuko Hale. Unaziona zile nyaya juu ya mahindi? Zinatoka kwake."

Mtoto aliitazama taa, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa. "Shikamoo, mama."

Toka siku hiyo haikupita jioni bila salamu hiyo kwa taa. Umeme ukikatika, Shamimu alisema mama amepumzika. Ukirudi, aliitikia kana kwamba ameitwa. Siku moja watoto wa jirani walimwambia mama yake ni kichaa, walimsikia dada mmoja akisema. Shamimu hakulia wala kugombana. Aliwajibu kwa utulivu kabisa kwamba bibi amesema yuko Hale, na bibi ni mwalimu.

Kwa nini asiamini? Bibi alisema jiko lina moto, akaligusa, likamuunguza. Bibi alisema kuku mweupe ametaga nyuma ya ghala, wakaenda, mayai yakawapo. Bibi alisema mvua inakuja, na kabla hawajaanua nguo ikanyesha. Mtoto hakuwa na sababu hata moja ya kufikiri kwamba katika maneno yale yote kuna moja lililo tofauti na mengine.

"Mama, huyu mtoto anaamini kweli," Hafsa alimwambia siku moja wakipepeta mchele.

"Ataacha akikua. Hata wewe uliamini mwezi unakufuata wewe peke yako."

"Mwezi haukunizaa."

"Hafsa, nani anaposwa hapa? Mimi au wewe?"

Ilikuwa kweli kwamba Hafsa anaposwa, na familia ya Mazingara, watu wa dini na wa mashamba. Na huku Handeni na Korogwe watu hawaozi kwa kuangalia sura. Kabla jambo halijakubaliwa, wazee wa upande wa mwanamume huzunguka kimyakimya wakiuliza: ukoo ule una kifafa? Una mtu aliyechanganyikiwa? Neno moja la jirani lingetosha kuirudisha barua ya posa ilikotoka, na baada ya hapo asingekuja mwingine.

Wiki ambayo washenga walikuwa waje, upepo uliangusha nguzo za mbao kule barabarani, kijiji kikakaa siku tatu bila umeme. Asubuhi ya siku ya tatu, ndiyo hiyo ya wageni, Shamimu alimfuata bibi yake jikoni.

"Bibi, mama hajaamka bado?"

Bi Mwanaidi alikuwa na nazi mkononi, wali ukingoja, na vikombe vya wageni havijafutwa. "Bado. Amelala fofofo, anangoja mtu wa kumwamsha. Haya, toka humu jikoni, nenda kacheze."

Shamimu alitoka.

Washenga waliingia saa nne. Walikuwa wazee watatu ndani ya gari dogo la mizigo, wakiongozwa na Mzee Ukasha, mtu mwembamba mwenye kofia ya kazi nzuri na maneno machache. Walitandikiwa mkeka mpya. Walizungumza habari za mvua na za marehemu Mzee Mhina, na Bi Mwanaidi akaona mambo yanakwenda sawasawa. Saa sita, wakati wa kunawa mikono, aliita mtoto aje awaamkie wazee. Aliita mara ya pili. Hafsa akaenda nyuma ya nyumba, akarudi akitikisa kichwa.

Walitafuta chooni, kisimani, chini ya vitanda, kwa majirani wa kulia na wa kushoto. Wageni nao waliinuka, mmoja akiwa na tonge mkononi bado. Saa saba ikafika, jua likiwaka, na sauti za kuita "Shamimu" zikisikika kila upande wa kijiji.

"Bi mkubwa," alisema Mzee Ukasha, "mama wa mtoto si yuko hapo Hale? Mpigie. Pengine mtoto amemfuata."

"Simu yake haipatikani. Si unaona umeme hakuna."

"Basi tuna gari. Tumfuate kazini. Mama hawezi kukosekana kwenye jambo kama hili."

"Tusimshtue kwanza," alisema Bi Mwanaidi, na alijisikia akisema. Hafsa alimtazama mama yake, machozi yakimtoka.

Hapo ndipo pikipiki iliingia uwanjani. Alikuwa Habakuki, jirani Msambaa aliyebeba abiria kati ya kijiji na barabara kuu. Miaka yote yeye na Bi Mwanaidi walitaniana. Habakuki akimwambia Wazigua kama yeye hawajui kulima, Bi Mwanaidi akimwita mghosi, yaani bwana kwa Kisambaa, na kumwambia arudi milimani akalinde nyani. Leo hakutania.

"Mwalimu, watoto wa huku juu wamemwona toka asubuhi. Anatembea chini ya nyaya kubwa, ana kifuko. Wamemuuliza wapi, akasema naenda kumwamsha mama." Alishusha pumzi. "Sasa mimi sielewi. Mama yake analala mchana? Na kama yuko kazini, si mtu apige simu wamngoje upande ule? Kule njiani kuna korongo, na mtoni kuna mamba, wewe unajua."

Bi Mwanaidi alijua. Aliwatazama wazee watatu waliosimama na viatu vyao mkononi. Miezi minane alikuwa amelishikilia neno moja.

"Hakuna wa kumpigia," alisema. "Rukaya hayuko Hale. Hajawahi kufanya kazi Hale. Binti yangu ni mgonjwa wa akili, yuko hospitali Lutindi. Mtoto nilimdanganya mimi. Nilimwambia mama yake ndiye anayewasha umeme, na leo asubuhi nikamwambia amelala anangoja kuamshwa. Anafuata nyaya."

Mzee mmoja aliinamisha macho. Mzee Ukasha alivaa viatu taratibu, kimoja, cha pili.

"Hayo ni ya kuzungumza siku nyingine," alisema. "Sisi tutapita barabarani na gari hadi Hale. Wewe nenda na huyu kijana chini ya nyaya."

Bi Mwanaidi hakuwa amepanda pikipiki hata siku moja maishani, alikuwa akisema si heshima kwa mjane. Alipanda na kanga zake za wageni, akamkamata Habakuki kiunoni. Njia ya chini ya nguzo ilikuwa ya mchanga na visiki. Kila walipoifikia nguzo waliita, wakasikiliza, wakaondoka. Kushoto na kulia mkonge ulisimama mistari kwa mistari, na mtoto wa miaka mitano angeweza kuwa ndani yake hatua kumi asionekane.

Kwenye korongo Habakuki alizima pikipiki. Maji yalikuwa ya magoti, mekundu, yakienda mbio kuelekea mtoni. Ukingoni palikuwa na ndala mbili ndogo. Zilikuwa zimepangwa sambamba, visigino pamoja, kama Bi Mwanaidi alivyomfundisha kuziweka kila anapofika mlangoni kwa watu.

Aliingia majini bila kukunja nguo. Alipapasa chini kwa mikono miwili, akashika mawe, akashika mizizi, akashika kitu laini akakivuta, kikawa gunia. Habakuki alikuwa akimwambia jambo naye hasikii. Alikuwa akisema, "Bibi yuko hapa, bibi yuko hapa," kwa yale maji, na hata yeye hakujua anamwambia nani. Alisogea kuelekea mtoni hadi yalipomfika kifuani. Habakuki alimshika mkono kwa nguvu, akamgeuza uso.

"Mwalimu. Ng'ambo. Tazama ng'ambo."

Ng'ambo, kwenye kivuli cha malundo ya majani ya mkonge, wakata mkonge walikuwa wamepumzika, na katikati yao Shamimu ameketi juu ya koti la mtu, miguu imechanwachanwa na miba, anakula muhogo.

Bi Mwanaidi alivuka akianguka na kuinuka. Alipomfikia alimkumbatia hadi nguo ya mtoto ikalowa. Shamimu alikubali kukumbatiwa, lakini mikono yake haikuinuka.

"Amefika ukingo ule kama saa sita, tukamvusha mgongoni," alisema kijana mmoja wa wakataji, aliyeitwa Gregori. "Shikamoo, mama. Tulikuwa tunangoja kazi iishe tumpeleke kijijini. Alikuwa anauliza Hale. Nikamwambia mimi nimezaliwa Hale, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mitambo, anamtafuta nani? Akasema mama yake anayewasha umeme." Alikuna kichwa. "Ikabidi nimweleze."

"Bibi," alisema Shamimu, "umeme hauwashwi na mama. Unazungushwa na maji. Huyu mjomba amekaa kulekule." Alimtazama bibi yake usoni. "Wewe umeshafika?"

"Sijafika, mjukuu wangu."

"Sasa ulijuaje?"

Mkataji aliyekuwa akinoa kisu aliacha. Bi Mwanaidi alipiga magoti kwenye vumbi, maji yakimtiririka.

"Sikujua. Nilisema uongo. Mama yako anaumwa, yuko mlimani Lutindi, hospitali. Anakukumbuka. Keshokutwa nitakupeleka umwone. Huu si uongo."

Shamimu alifikiri. Kisha akageuka, akamtazama Habakuki.

"Mjomba, ni kweli?"

Habakuki alitazama chini. "Mimi sijui, mwanangu. Mimi nimesikia leo tu. Anayejua ni bibi yako."

Mtoto alirudisha macho kwenye muhogo wake, asiulize tena.

Walirudi watatu kwenye pikipiki. Shamimu alikataa kukaa katikati, akaomba akae mbele, juu ya tangi. Bi Mwanaidi alishika bega la Habakuki, akichungulia njia kwa juu.

"Shamimu, inama," alisema walipokaribia mti mmoja. "Kuna tawi la miba."

Zamani angeinama kabla neno halijaisha. Sasa alinyoosha shingo kwanza, akalitafuta lile tawi kwa macho yake mwenyewe.