Niliyoimwaga Langoni

Namshukuru Mungu aliyenifikisha umri huu na bado ananifundisha, wakati mwingine kwa aibu.

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha kukausha maembe hapa Kalamba. Ndunge, mama mwenye mawazo mengi, aliomba tutenge Ijumaa mchana na sehemu ndogo ya faida, wanachama wajaribu vitu vipya hata kama ni mchezo tu. Nililiombea jambo hilo, nikakubali.

Ijumaa ya nne nilipita nje ya stoo nikasikia vicheko, na harufu ambayo sisi Wakamba hatuwezi kuikosea: uki, pombe yetu ya kienyeji. Ndani kulikuwa na mitungi miwili iliyofunikwa kwa kitambaa. Mzee wa kanisa mimi, nilihubiri kwa sauti, nikaibeba na kuimwaga langoni, watu wa soko wakitazama.

Ndunge alishika kichwa. "Mwenyekiti, umeionja?"

"Mimi nionje pombe?"

"Basi lamba hicho kidole chako kilicholowa."

Nililamba. Ukali wake ulinifumba macho.

"Ni vinega ya maganda ya embe," alisema polepole. "Wiki tatu tumeingoja. Leo ndiyo imekubali, ndiyo maana tulikuwa tunacheka."

Kamene, mwanachama aliyenizidi umri, akaniwekea miguuni ndoo ya maembe na kisu juu yake.

"Haya, mhubiri. Menya, tupate maganda tuanze upya."

Msomaji wangu, Mungu akujalie ulimi unaouliza kabla mkono haujamwaga.