Bia Niliyoibeba Mgongoni

Mume wangu aliapa mbele ya baa nzima kwamba hatakunywa tena bia ya moto. Siku hizo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, friji ya baa ya mtaa wetu pale Bunia ilitumia mafuta ya taa, na ilitoa moshi kuliko baridi.

"Bia yenye nitakunywa tena, nitaikunywa kule juu ya Ruwenzori, mu teluji!" alitangaza. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, maana mwanaume akiapa, anayefunga mizigo ni mke. Tangu siku hiyo hakugusa chupa, na rafiki zake wakawa wanamwita padri.

Basi tukapanda lori la kahawa, tukapita Komanda, tukapita Beni, mpaka chini ya mlima. Tulikuwa na chupa moja tu. Yeye aliitia katika mfuko wa koti, akaanza kupanda na viatu vyake vya kanisani, na kabla ya saa sita alikuwa ameanguka matopeni mara mbili. Nikakasirika.

"Leta hapa! Weye utaivunja."

Nikaifunga mgongoni kwa kitenge, chini ya koti, kama nilivyowabeba watoto wetu wote. Hata usiku nililala nayo kifudifudi, maana mtu mwenye kiu simwamini.

Siku ya mwisho tulitoka kwenye kibanda tulicholala kungali giza. Muzee aliyetuongoza alitangulia na taa, akipiga barafu kwa fimbo yake ili ajue pa kukanyaga. Mume wangu alitambaa kwa mikono na magoti. Mimi niliteleza nikashuka kwa matako hadi kwenye jiwe, nikainuka nikimtukana yeye, mlima na baa. Ila mgongoni hakikuvunjika kitu.

Jua lilipochomoza tulikuwa tumesimama juu ya theluji yenyewe. Mume wangu akachimba shimo kwa sahani, meno yakigongana, kisha akanyoosha mikono apokee chupa yake. Nikafungua kitenge, nikampa.

Ilikuwa na joto kama mtoto aliyeamshwa sasa hivi. Akaishika kwa mikono miwili, akaiweka shavuni, kisha akaiingiza ndani ya shati.

"Baba, shimo iko tayari," nikamwambia.

"Ngoja kidogo."

"Mawingu iko nakuja, Papa," muzee akasema.

"Nimesema mungoje!"

Akaifungua kwa meno. Akainywa hivyo hivyo, moto, amefumba macho, na machozi yakamtoka. Nilipopokonya zamu yangu, haki ya Mungu, sijawahi kuonja kitu kitamu vile. Shimo tuliliacha tupu. Njia nzima ya kushuka aliniomba nisiseme neno, na mimi kwa huruma nikakubali.

Jioni tuliyorudi Bunia, baa ilijaa. Mwenye baa alikuwa ametengeneza friji kwa heshima ya mume wangu. Akaleta chupa iliyotoka jasho, watu wote wakamkazia macho.

"Ile ya mulima ilikuwa namna gani?" wakamuuliza.

"Tamu," akajibu, na hapo hakusema uongo.

Akaonja ile ya baridi. Akakunja uso. Kisha, mbele ya watu wote, akanisogezea chupa.

"Mama," akasema, "unibebeeko hii kidogo."