Ngozi za Saa Tatu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na chumba kimoja cha maabara mjini Kisumu, friji iliyonguruma kuliko ilivyopoza, na kazi moja: kutoa kwenye ngozi ya mbuta, yule samaki mkubwa wa Ziwa Viktoria, ile protini inayogeuka jeli, kisha kuikausha iwe utando mwembamba wa kufunikia vidonda vya moto. Viwanda vya samaki vilitaka minofu tu. Ngozi na mifupa viliuzwa langoni kwa akina mama wa kukaanga. Mimi niliona dawa pale wengine walipoona mabaki, na nakiri nilijivuna kidogo.

Ngozi nilizipata kwa mama mmoja wa mtaa wa Obunga aliyekaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta baada ya minofu kutolewa. Mikono yake ilijaa mabaka ya mafuta yaliyomrukia, tangu kiwiko hadi vidoleni. Kwa kweli mikono ile ndiyo iliyonipa wazo la utando, ingawa kwenye barua ya kuombea kazi hii kibali niliandika sababu za kisomi zaidi.

Shida ni kwamba jeli haikuwa na msimamo. Leo inaganda hadi ukipindua kikombe haianguki. Kesho, kwa ngozi uzito uleule, asidi ileile, na chumvi ileile ya kuondolea protini nisizozitaka, napata uji. Mkubwa wangu, mtu mpole aliyenitisha kwa upole wake, alinipa hadi mwisho wa mwezi.

"Nionyeshe jeli mara tatu mfululizo," alisema. "Ikishindikana tunafunga chumba, unarudi kupima maji ya mabomba."

Nilikuwa nimepima maji ya mabomba miaka minne. Afadhali ningeuza nyanya sokoni Awasi.

Nikaanza kutafuta mchawi. Nililaumu mizani, nikalaumu friji, nikalaumu umeme uliokatika. Mwishowe nikamgeukia mama.

"Mama, unanichanganyia ngozi za ngege?" nilimwuliza mbele ya wateja wake, maana ngege ni samaki mwingine kabisa.

Aliweka mwiko chini. "Mimi? Mimi nikufanyie hivyo? Haki ya Mungu, nyathina, nakupeanga ile mzuri yote."

Nyathina ni mwanangu, kwa Kijaluo. Aliniita hivyo hata siku niliyomvunjia heshima. Baada ya hapo nikawa naona uzito kwenda kwake, nachelewa zaidi na zaidi, na jeli nayo ikazidi kuharibika. Ule uji ukawa maji matupu.

Ilipobaki wiki moja nilikaa na daftari langu. Kwa miezi nilikuwa nikiyatupa matokeo mabaya, nikiyaita makosa, nikichora mazuri tu kwenye karatasi ya grafu, kama mtu anayeficha sahani zilizovunjika kabla wageni hawajafika. Safari hii niliyarudisha yote. Nikapanga ugumu wa jeli na asidi: nukta zikatawanyika ovyo. Nikaupanga na joto: vilevile. Kikabaki kitu kimoja nilichokuwa nakiandika kwa mazoea tu kwenye pembe ya kila lebo, yaani saa niliyochukua ngozi. Nikachora. Nukta zikajipanga zenyewe. Ngozi za saa moja asubuhi ziliganda zote. Za saa tatu haikuganda hata moja.

Na za saa tatu zilikuwa za siku nilizochelewa kuamka, maana usingizi ni ugonjwa wangu tangu utotoni.

Nilijua jibu papo hapo: jua. Mama anaziacha ngozi zangu juani. Kesho yake nikachelewa makusudi, nikaenda na maneno makali nimeyapanga tayari.

Nilimkuta kivulini. Mbele yake palikuwa na karai la maji yanayotoa mvuke, ngozi zangu zimezama humo, naye anazikwangua magamba moja moja kwa kijiko. Kila alipotoa vidole majini alivipuliza.

"Ngoja kidogo, nyathina, namaliza," alisema. "Ukikuja mapema unapata chafu, sina time ya kuosha. Ukichelewa ndio naosha na maji moto. Na vile ulisema ngozi zangu ni mbaya, siku hizi nimeongeza moto. Wewe ni mtu ya ofisi, siwezi kukupatia kitu chafu."

Maji ya moto ndiyo niliyotumia mimi mwenyewe maabara kuyeyusha ile protini. Jeli yangu yote ilikuwa ikimwagwa Obunga mtaroni, na aliyeimwaga alikuwa akijiunguza vidole kwa kunitendea wema. Niliona aibu, aibu ya kweli. Nikaketi juu ya kreti, nikamwomba msamaha, nikamweleza yote.

Alisikiliza, kisha akacheka hadi akajifuta macho kwa leso. "Kwa hivyo usafi yangu ndio ilikuwa inaharibu kazi? Si ungeniuliza tu!"

Siku tatu zilizofuata nilifika saa moja kamili, nikachukua ngozi na magamba yake. Mkubwa wangu alipindua kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hakikumwagika kitu. "Basi endelea," alisema, akatoka. Nilicheza peke yangu mle chumbani.

Utando wa kwanza uliokauka vizuri nilimpelekea mama. Aliuinua kwenye mwanga, akaitazama barabara kupitia humo, kisha akaulaza juu ya baka kubwa la mkono wake wa kulia.

"Bado, Mama," nilisema haraka. "Huu hauwezi kuwekwa kwa mtu. Lazima upimwe kwanza, labda miaka. Na ni wa kidonda kibichi, si kovu."

"Najua ni bado. Naangalia tu kama itafika."

Utando haukulifunika baka lote; ulipungua kwa upana wa vidole viwili. Kesho yake niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaenda kuchukua ngozi zaidi.