Pikipiki Tulizozisukuma Hadi Gasenyi

Kaka yangu aliporudi kutoka jeshini alikuwa na mfuko mmoja wa plastiki na viatu vya kiraia vilivyombana vidole. Vita vilikuwa havijaisha. Makundi mengi yalikuwa yameweka silaha chini, lakini moja lilikuwa bado kwenye milima iliyo juu ya mji, na kuna siku tulisikia mizinga tukiwa tunakunywa chai. Yeye aliambiwa amemaliza, arudi nyumbani. Mama alimpokea mlangoni kwetu Buyenzi, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Alhamdulilahi, mwanangu. Umerudi."

Kaka alikuwa anatazama juu ya bega la mama, anaipima barabara.

Mimi nilikuwa fundi wa pikipiki. Karakana yangu ilikuwa mbele ya nyumba yetu, mabati manne juu ya nguzo za miti. Kazi hiyo alinifundisha yeye, kabla jeshi halijamchukua kutengeneza na kuendesha malori yake. Kwa hiyo nilifikiri, kwa ujinga wangu, kwamba atakaa na mimi pale, ashike spana, na siku zitasonga.

Wiki ile ya kwanza niliwasha pikipiki ya mteja mmoja. Ilikuwa imechoka, na nilipofunga mafuta ikapasua mlio kwenye bomba la moshi, paa! Nilicheka, kama mafundi wanavyocheka. Halafu nikaona kikombe cha kaka kimelala chini na chai inamwagika. Nilimkuta kwenye mtaro wa maji machafu nyuma ya nyumba, amelala kifudifudi, suruali imelowa.

"Wengine wako wapi?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Wengine nani, kaka?"

"Shuka chini, we! Shuka!"

Nilishuka. Nililala naye mle ndani ya tope mpaka mama alipokuja kutuita.

Tangu siku ile sikuwasha tena pikipiki nyumbani. Nilizisukuma hadi barabara ya tatu, nikazijaribu huko, nikazirudisha kwa kusukuma. Wateja waliniona nimepata wazimu. Lakini hata kimya hakikumsaidia. Siku moja jirani yetu alimgusa begani kwa nyuma ili amsalimie, na kaka akamkaba koo mpaka macho yakamtoka yule mzee. Watu watatu ndio waliomtoa mikononi mwake. Baadaye kaka alikaa chini, akaitazama mikono yake.

Muuguzi mmoja wa zahanati alituambia, kwa neno la Kirundi, kwamba kaka amehahamuka: moyo wake umebaki vitani na unaogopa kila kitu. Akatuelekeza Gasenyi, pembeni kabisa ya mji upande wa kaskazini, ambako masera mmoja, mtawa wa makamo, alikuwa ameanza kupokea wanaume kama hao katika nyumba ya matofali yenye ua wa minyaa.

Nilimpeleka kwa miguu, mwendo wa asubuhi nzima, kwa sababu hakukubali kupanda chochote chenye injini. Ndani ya nyumba ile nilikuta wanaume kumi na wawili. Wengine walikuwa wa jeshi, wengine walitoka porini. Walikuwa wamepigana risasi wao kwa wao miaka yote ile, na sasa walilala katika ukumbi mmoja, wengi juu ya mikeka iliyotandikwa kwenye saruji. Hawakusemezana. Masera alinionyesha kabati la dawa. Mlikuwa na chupa mbili.

"Ninawapa nusu kidonge," alisema. "Zikiisha, hawalali. Na wasipolala, mi naogopa."

Nilimwacha kaka pale, nikarudi mjini na sentensi ile kichwani. Kesho yake niliwaeleza madereva wa pikipiki za abiria, ambao wengi wao walikuwa wateja wangu. Walikuwa na umoja wao, wanazikana na kuchangiana harusi. Mkubwa wao alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kukwaruza, aliyebeba abiria tangu pikipiki za abiria zilipokuwa bado jambo geni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Jumapili tutaenda sote. Kila pikipiki ibebe kitu kimoja. Godoro, maharage, sabuni, dawa, chochote. Tutapita kwenye makartie, mtaa kwa mtaa, watu watuone, watupatie."

Dereva mmoja akasimama. "Mi sibebei chakula mutu aliyemuua baba yangu."

"Unajua kama yuko pale?"

"Sijui."

"Hata mi sijui kama yuko aliyemuua bibi yangu," mkubwa alisema. "Njoo au usije. Sitakukasirikia."

Mimi niliyeanzisha jambo lile ndiye niliyeanza kulijutia. Pikipiki thelathini kuelekea ukingo wa mji, wakati ule! Askari waliokuwa vizuizini wangeona nini zaidi ya shambulio? Mkubwa alipata karatasi yenye muhuri kutoka kwa wakuu wa kartie, lakini karatasi haizuii risasi iliyokwisha kutoka. Na masera, nilipompelekea habari, alifunga kwanza mlango wa ukumbi.

"Thelathini?" aliuliza. "Unajua sauti ya pikipiki thelathini kwa watu hawa?"

Nilijua. Tulikubaliana tuzime injini zote kwenye kona ya kiwanda cha matofali, tusukume kwa mikono kile kipande cha mwisho. Yeye angewaambia wagonjwa mapema, awahesabie siku, ili jambo lile lisiwashtue.

Wiki nzima nilikagua pikipiki. Nilibadilisha plagi, nikasafisha kabureta, nikafunga mabomba ya moshi yaliyotoboka. Yeyote ambaye injini yake ilipasua mlio hata mara moja nilimwambia haendi. Yangu niliiacha mwisho, na Jumamosi, kwa uchovu, niliifungua, nikaifunga, nikaisikiliza kidogo tu, nikasema inatosha.

Jumapili tulikusanyika Zone Industrielle, eneo la viwanda, mbele ya maghala yaliyofungwa. Watu walikuwa wamekuja wengi kuliko nilivyotegemea. Mwanamke mmoja wa Buyenzi alileta shuka za marehemu mumewe, zimepigwa pasi. Wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni walileta maboksi. Mfamasia mmoja alimkabidhi mkubwa mfuko wa dawa, akasema asitajwe. Yule dereva aliyekataa alikuja pia, amefunga godoro mgongoni mwa pikipiki yake, hamsemeshi mtu.

Tulikwenda polepole, wawili wawili, taa zimewashwa mchana. Barabarani watu walisimama. Wengine walitupungia, wengine waliingiza watoto ndani na kufunga milango. Niliona milango ile zaidi ya mikono iliyotupungia.

Kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya Gasenyi askari walishuka haraka, bunduki mbele. "Zima! Zima zote! Mikono juu!"

Tulizima. Mkubwa alishuka na karatasi yake, anatembea kama mtu anayekanyaga mayai. Ofisa aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Ni wagonjwa gani hawa? Wetu au wao?"

Hapo nilitamani mkubwa adanganye.

"Wote, mukubwa," alijibu. "Wanalala chumba kimoja."

Ofisa aliamuru mizigo yote ishushwe. Askari walichoma magodoro kwa visu, wakatafuta ndani, pamba ikatoka. Walimwaga maharage juu ya turubai. Jua lilikuwa limepanda, na sisi tumesimama mikono kichwani. Nilihesabu vidole vya askari vilivyokuwa kwenye vifyatulio, nikaacha, nikaanza tena.

Hatimaye akasema, "Pakieni. Saa nane muwe mumerudi hapa. Baada ya saa nane siwajui." Nilipokuwa nafunga mzigo wangu alikuja karibu na mimi, akajifanya anaangalia kamba. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Yule masera," aliniuliza taratibu, "anapokea na mutu ambaye bado anavaa gwanda?"

"Sijui, afande. Nitamuuliza."

"Apana. Usimuulize." Akaondoka.

Tulifika kwenye kona ya kiwanda cha matofali. Mkubwa aliinua mkono, na injini zikazimwa moja baada ya nyingine, vizuri, kama tulivyofanya mazoezi. Mimi nilikuwa wa nyuma kabisa. Nikafunga mafuta, nikageuza ufunguo, na pikipiki yangu, pikipiki ya fundi, ikapasua mlio ambao sijawahi kuusikia tena. Ulikwenda ukagonga ukuta wa kiwanda, ukarudi.

Halafu kutoka nyuma ya ua wa minyaa tulisikia makelele, na mabenchi yakianguka.

Niliitupa pikipiki chini, nikakimbia. Uani wanaume walikuwa wamelala chini kila mahali, mmoja analia kwa sauti ya mtoto. Masera alikuwa amepiga magoti katikati yao, anasema maneno yaleyale kwa Kirundi, taratibu, bila kuacha. Kaka hakuwepo. Masera aliinua kichwa, akanionyesha tundu kwenye ua, na ng'ambo ya tundu lile mashamba ya mihogo yaliyopanda kuelekea kule ambako risasi zilikuwa za kweli.

Nilitaka kukimbia tena. Mkubwa alinishika mkono kwa nguvu.

"Usikimbie. Akisikia miguu inakimbia ataenda mbali zaidi. Tembea. Na uongee, akusikie ni wewe."

Basi nilitembea ndani ya mihogo, naongea peke yangu. Niliongea chochote. Kwamba mama ameanika nguo. Kwamba jirani amemsamehe. Kwamba bei ya mafuta imepanda. Kila nilipoangalia mlimani niliona kitu kinatikisika, sikujua kama ni mbuzi au mtu. Nilifikiri: nimemtoa nyumbani salama, nimekuja kumuulia hapa kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilimkuta kwenye mfereji, amelala ubavu, magoti kifuani. Sikumgusa. Nililala upande wangu, uso kwa uso naye, mbali kama urefu wa mkono.

"Wako wangapi?" aliuliza.

"Thelathini. Ni madereva wa mjini, kaka. Wamewaletea magodoro."

Alifikiri sana. Jasho lilimtiririka puani.

"Ile iliyolia. Ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Yako?"

"Yangu, kaka. Nisamehe."

Alifumba macho. Nilidhani amerudi kule vitani, moyo wake ulikobaki. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya zamani, ya mtu anayenifundisha kazi:

"Kabureta inavuta hewa. Pale kwenye maungio. Ulifunga bila kubadilisha gasketi."

Ilikuwa kweli. Niliacha ile ya zamani kwa sababu ya uchovu. Nikaanza kulia, na yeye akanitazama kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Ilichukua zaidi ya saa nzima kumrudisha, hatua chache, tunasimama, hatua chache. Tulipofika, madereva walikuwa wamekwisha kusukuma pikipiki zote juu, na yangu pia. Walikuwa wameyashona kwa uzi wa masera magodoro yaliyochomwa visu, wakayatandika. Yule dereva aliyepoteza baba alikuwa amekaa kwenye sakafu kando ya mwanaume mmoja ambaye meno yake yaligongana, amemshikia kikombe cha maji ili anywe. Sikujua mwanaume yule alitoka upande gani, na nadhani dereva naye hakuuliza.

Nilimfuata masera jikoni. "Tumewadhuru," nilimwambia. "Mi ndiye nimewadhuru."

Alikuwa anamenya viazi, hakuacha. "Ndiyo, mumewashtua. Wiki hii itakuwa mbaya." Akatupa ganda. "Na mumeleta dawa. Nitafanya nini, nikatae dawa?" Halafu akaniambia kwamba wakati kila mtu alipojitupa chini, watu wawili ambao hawajawahi kusalimiana walikuwa wamejificha chini ya meza moja, na mmoja alimfunika mwenzake kichwa kwa mikono. "Sijui hiyo ni nini," alisema. "Sisemi kwamba ni uponyaji."

Tulifika kizuizini saa nane kasoro kidogo. Ofisa yule alituhesabu kwa kidole, akatupitisha.

Kaka alikaa Gasenyi hadi mvua zilipokwisha. Aliporudi hakuwa mzima, lakini alikula mezani na sisi, na alikubali mtu aketi nyuma yake ikiwa anamjua. Hakupanda pikipiki tena maisha yake. Miaka miwili baadaye alimwoa mjane mwenye shamba la mpunga huko bondeni, njia ya Gatumba, akahamia kwake, na mke yule alijua kumwita jina kutoka mbali kabla hajamkaribia. Madereva walikwenda kwa masera mara mbili zaidi, wakiacha pikipiki kiwandani na kubeba mizigo kichwani. Kisha amani ilitangazwa, na watu wakadhani wagonjwa nao wamepona, michango ikapungua.

Mara ya mwisho kumtembelea kaka nilimuuliza kama anaikumbuka Jumapili ile. Alikuwa anafungua maji yaingie shambani, jembe mkononi.

"Nakumbuka ulikuwa unaongea mambo ya bei ya mafuta," alisema. "Nikajua hakuna adui anayeongea hivyo." Akacheka kidogo, akainama, akaendelea kuyaongoza maji kwenye mistari ya mpunga.